Je, Maji ya Kijani ya Ndiva Yatatoa Mafuta Kama Makonyo?

Mwanachama mmoja aliyerudi safarini Same ameuliza kama maji ya kijani aliyoyaona katika ndiva za Upare yaweza kupikwa yakatoa mafuta, kama yafanywavyo makonyo yetu pale Wawi. Ndiva ni bwawa ambalo Wapare hulimbikizia maji usiku ili wamwagilie mashamba mchana.

Ukijani ule ni mwani mdogo mno, na kweli mafuta yamo ndani yake. Lakini mafuta ya makonyo, na ya tangawizi ya Mamba Myamba huko Same, hupaa pamoja na mvuke. Ya mwani huu hayapai. Ni mafuta mazito mfano wa ya nazi, tena yamefungiwa ndani ya chembe. Hapana budi kuuchuja mwani, kuukausha, kuuvunja, kisha kuuosha kwa hekseni, ambayo hushika moto upesi kama petroli.

Haya, tupige hesabu. Bwawa lililotunzwa vizuri hutoa kiasi cha kilo 1 ya mwani mkavu kwa lita 1,000. Mafuta yakiwa asilimia 20, ni gramu 200 tu. Makonyo kilo 100 hutoa kilo 5 au zaidi. Na maji yale ya ndiva, mahindi ya wenyewe yanayangojea.