SOMO: KUHOJIWA CHUO CHA BIASHARA

Kijana wetu ameomba kusomea biashara, naye ameitwa intavyu. Tumsaidieje?

Wengi hukariri Kiingereza kigumu, kisha wakakwama kwa swali dogo: "Umewahi kuuza nini, ukajifunza nini?"

Tuseme auza mahamri hapa Makadara. Unga, sukari na mafuta alinunua Marikiti kwa sh. 600, akauza yote kwa sh. 850. Akisema faida ni 250, ataulizwa: na makaa je? Makaa ni sh. 100. Basi faida ni 150. Siku ya hasara pia asiifiche; aeleze alibadilisha nini.

Zoezi:
1. Watu watatu wamhoji dakika 15, Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza.
2. Ajue kozi ni ya muda gani na karo ni kiasi gani.
3. Akijue chuo. Kwa mfano, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, zamani kilikuwa Polytechnic. Kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2013.
4. Awe na swali lake la kuwauliza.

Tujadiliane: Karo ikitoka mfuko wa kikundi, yeye naye atatuahidi nini?