SOMO LA MWEZI: VIDOLE, MACHO NA CHAPA YA MNYAMA

Mafungu ya kusoma: Hesabu 1:1-4, Waamuzi 12:4-6, Nehemia 7:61-65, Ufunuo 13:11-18 na 14:1
Fungu la kushika moyoni: Yohana 10:3 (kila familia isome katika Biblia yake)



Kila mara tangazo la uhakiki linapobandikwa, maswali yaleyale hurudi katika makanisa yetu. Wako wanaosema kwamba kuweka kidole juu ya kioo cha mashine ni kupokea hesabu ya 666. Kwa hofu hiyo wengine hukaa nyumbani siku ya kuhakikiwa, na majina yao na ya watoto wao husimamishwa kwenye rasheni. Wako pia wanaowacheka hao na kuona kwamba mashine haina neno lolote, maadamu chakula kinatoka. Ndugu wameacha kusalimiana kwa sababu ya jambo hili, na hilo peke yake latosha kutufanya tukae chini tujifunze.

Mabishano haya si ya wakimbizi tu. Mahakimu, wabunge, watetezi wa haki za watu na mashirika ya misaada wanabishana juu ya mashine hizi katika nchi nyingi. Basi tusione haya kuuliza. Ila tuulize kwa utaratibu, tukikumbuka onyo la Mithali 18:13 kwa mtu anayejibu kabla ya kusikia.

1. MASHINE INAFANYA NINI?

Ngozi ya ncha ya kidole ina mistari midogo, na mistari hiyo haifanani kwa watu wawili, hata kwa mapacha. Mashine hupiga picha yake, kisha kompyuta hutazama mahali mistari inapokatika na inapogawanyika, na kuhifadhi alama hizo kama hesabu. Kwa jicho ni vivyo hivyo: kamera hupiga picha ya lile duara lenye rangi linalozunguka mboni, nalo lina michoro yake kwa kila mtu. Siku nyingine ukifika, kompyuta hulinganisha picha mpya na ile ya zamani. Hakuna kitu kinachoingizwa mwilini. Ukiondoka mezani pale, mwili wako ni uleule uliokuja nao.

Tena jambo hili si geni sana kwetu. Wakoloni wa Kiingereza walipitisha sheria ya kipande nchini Kenya mwaka 1915, na baada ya vita vya kwanza vya dunia wanaume Waafrika wakalazimishwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyao, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kwa upande wa wakimbizi, HCR ilianza kupima macho mwaka 2002 huko Peshawar, Pakistani, kwa Waafghani waliokuwa wakirudi kwao, ili mtu asipokee msaada wa safari mara mbili. Mwaka 2013 mtambo mpya wa vidole na macho ulijaribiwa katika kambi ya Dzaleka, Malawi, na kutoka hapo ukaenea nchi nyingine.

Hapa Uganda tunaukumbuka mwaka 2018. Vitabu vilionyesha wakimbizi zaidi ya milioni 1.4, na baadhi ya maofisa walikuwa wamesimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza hesabu. Uhakiki ukafanyika kuanzia mwezi wa tatu hadi wa kumi, na waliopatikana wakawa kama milioni 1.1. Hatuwezi kusema kwamba wote waliokosekana walikuwa majina hewa, kwa sababu wengine walikuwa wamehama au hawakufika. Lakini jina hewa likila, mtoto halisi hulala njaa. Hiyo ndiyo faida ya mashine, na tuseme kweli: mjane aliyeibiwa karatasi yake aweza kutambulika kwa jicho lake, wala jirani hawezi kupokea posho kwa jina lake.

2. KUANDIKWA KATIKA BIBLIA

Katika Hesabu 1, Mungu mwenyewe anaagiza Musa awahesabu watu, kila mwanamume kwa jina lake na ukoo wake. Lakini katika 2 Samweli 24, Daudi anawahesabu watu na hesabu hiyo inaleta msiba juu ya nchi nzima. Kitendo ni kimoja, ila matokeo si mamoja. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuhesabiwa ni dhambi, wala kwamba kila kuhesabiwa ni kwema. Hatuna budi kuuliza ni nani anayehesabu, na kwa kusudi gani.

Katika Luka 2, Yusufu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kuandikishwa kwa amri ya Kaisari Augusto, mtawala asiyemjua Mungu. Hawakutenda dhambi kwa kwenda. Muda si mrefu familia hiyohiyo ilikimbilia Misri usiku (Mathayo 2). Naye Paulo, alipokuwa karibu kupigwa mijeledi, alitaja uraia wake wa Kirumi, na wale waliotaka kumpiga wakarudi nyuma (Matendo 22:25-29). Kujulikana kwa kuandikwa kwaweza kuwa ngao ya mnyonge.

Lakini tusome pia Waamuzi 12. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, wakamtaka kila apitaye atamke neno moja. Ulimi uliposhindwa kulitamka kwa namna yao, mtu huyo aliuawa. Wakafa 42,000. Wengi wetu tumepita kwenye vizuizi vya barabarani, na hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia fungu hilo.

3. JE, HII NDIYO CHAPA?

Ufunuo 13 unasema juu ya chapa katika mkono wa kuume au katika uso, na kwamba asiyekuwa nayo hawezi kununua wala kuuza. Tunaelewa kwa nini ndugu zetu wanaogopa: mkono unawekwa kwenye mashine, uso unatazama kamera, na asiyekubali anaweza kukosa chakula. Hofu yao haikutoka hewani. Tusiwaite wajinga.

Hata hivyo tusome sura yote. Kabla ya habari ya chapa, mstari wa 15 unasema juu ya kuisujudia sanamu ya mnyama. Sura ya 14 mistari ya 9 hadi 11 inarudia mambo hayo mawili pamoja, kusujudu na kupokea chapa. Kisha Ufunuo 14:1 unaonyesha watu wa Mwana-Kondoo, nao wana jina lililoandikwa katika vipaji vya nyuso zao. Basi chapa ni alama ya mtu aliyejitoa kwa bwana fulani na kumwabudu. Mtu hawezi kuipokea kwa bahati mbaya, akiwa kwenye foleni ya mahindi.

Historia ya kanisa inatusaidia hapa. Mwaka 250 hivi, Kaisari Desio aliamuru watu wa dola ya Kirumi watoe sadaka kwa miungu, na kila aliyetoa alipewa cheti. Vyeti vya namna hiyo vimefukuliwa katika mchanga wa Misri. Wakristo wengi walikataa, na baadhi yao wakafa. Wengine walihonga wapate cheti bila kutoa sadaka, na Askofu Sipriano wa Kartago akapata kazi ngumu ya kuamua jinsi ya kuwapokea tena. Cheti kile kilimtaka mtu amkane Mungu. Karatasi inayouliza jina lako, idadi ya watoto wako na mahali ulikozaliwa haiulizi jambo hilo. Siku itakayouliza, tutajua, nasi tutakataa pamoja.

Tukumbuke pia kwamba Wakristo wamekwisha kutangaza chapa mara nyingi. Ile milia midogo myeusi kwenye pakiti za sabuni, iliyoanza kusomwa na mashine za dukani mwaka 1974 huko Marekani, ilisemwa kuwa ndiyo 666. Mwaka 2021 ilisemwa juu ya chanjo ya Korona. Kila mara mhubiri anapopiga mbiu ya uongo, watu huchoka, na siku ya hatari ya kweli hawatasikia.

4. HOFU ILIYO YA HAKI

Tukisema kwamba mashine si chapa ya mnyama, hatujasema kwamba haina hatari. Yako mambo manne ambayo kanisa linapaswa kuyajua.

Kwanza, habari zetu zaweza kufika kwa wale tuliowakimbia. Katika Rwanda, wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho hivyo vilitazamwa kwenye vizuizi, na neno moja lilitosha kumwua mtu. Waliotunga karatasi ile hawakuwepo siku ilipotumika. Na mwezi wa sita 2021, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba habari za Warohingya waliokimbilia Bangladesh, zilizokusanywa na HCR pamoja na serikali ya huko, zilipelekwa Myanmar, nchi waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuelezwa vizuri. HCR ilijibu kwamba watu waliombwa ruhusa na kuelezwa. Mabishano hayo yanatufundisha kuuliza swali kabla ya kutia sahihi.

Pili, kompyuta yaweza kuvunjwa. Mwezi wa kwanza 2022, Msalaba Mwekundu ulitangaza kwamba wezi wa mitandao wameingia katika kumbukumbu za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo watu waliopotezana na jamaa zao. Nywila ikiibwa hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi.

Tatu, kosa moja laweza kukaa miaka mingi. Huko kaskazini mashariki mwa Kenya, wananchi wengi walijiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula, wengine wakiwa watoto waliopelekwa na wazazi. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho cha taifa, vidole vyao vilionekana katika orodha ya wakimbizi, wakanyimwa. Bila kitambulisho, kazi na shule vikawa shida.

Nne, mashine yaweza kumkataa mwenye haki. Mikono iliyolima, iliyofyatua matofali na kuchoma makaa hulika mistari yake. Jicho lenye mtoto wa jicho ni gumu kusomwa. Hapa tusome Nehemia 7:64-65. Watu fulani walitafuta majina yao katika orodha, hayakuonekana, wakazuiwa kula vitu vitakatifu. Lakini liwali hakuwafukuza. Kesi yao iliachwa wazi mpaka apatikane kuhani wa kuamua. Ndivyo inavyopasa hata leo: orodha isiwe na neno la mwisho. Lazima awepo mtu wa kusikiliza.

Nao wakuu wa dunia wameanza kuona hivyo. Mahakama Kuu ya Kenya, tarehe 30 Januari 2020, ilizuia serikali kukusanya vinasaba vya watu katika mpango wa Huduma Namba, na ikataka sheria ya kutosha iwekwe kwanza. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. HCR yenyewe iliweka kanuni mwaka 2015, zinazompa mkimbizi haki ya kuelezwa habari zake zinachukuliwa kwa nini, kuziona, na kuomba zisahihishwe.

5. BASI TUFANYE NINI?

a) Tuhudhurie uhakiki. Baba au mama asiwanyime watoto ulinzi na chakula kwa sababu ya neno ambalo Maandiko hayakulisema.

b) Tuulize kwa heshima: habari hizi ni za nini, nani atazipata, je, zitapelekwa kwa serikali ya nchi yetu? Kuuliza si uasi. Paulo aliuliza.

c) Tuseme kweli. Tusiandikishe mtoto wa jirani, wala tusijiandikishe mahali pawili. Uongo wa leo hufunga mlango wa kesho.

d) Mashine ikikataa kidole, usiondoke. Osha mikono, omba kidole kingine, omba jicho. Ikishindikana, nenda meza ya malalamiko, na uandike tarehe na jina la kituo. Mashemasi wawasindikize wazee na wasiojua kusoma.

e) Kuandikishwa ni bure. Anayedai pesa, au namba ya siri ya simu yako, ni mwizi, hata akivaa kitambulisho shingoni.

f) Asiyekubaliana nasi asitengwe. Tumtembelee, tusome naye sura nzima, tule naye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Hesabu ya Hesabu 1 na hesabu ya 2 Samweli 24 zinatofautiana wapi?
2. Katika Ufunuo 13 na 14, ni jambo gani linaloambatana na chapa kila mara?
3. Ni nani katika mtaa wetu ambaye mashine imemkataa? Kikundi chetu kitamsindikiza lini?
4. Ni maswali gani mawili tungependa viongozi wetu wayapeleke ofisini kabla ya uhakiki ujao?

Wapendwa, ofisi inatujua kwa namba ya familia. Mchungaji Mwema hutujua kwa jina, tangu kabla hatujavuka mpaka. Tukiijua namba yetu, tuitunze, maana inatusaidia hapa duniani. Tukilijua Jina lake, hatutaiogopa.

Tuombe: Bwana, uliyekimbizwa ukiwa mtoto mchanga, uwalinde wale ambao habari zao ziko mikononi mwa wengine. Uwape wanaotuandika moyo wa haki. Uwarudishie chakula chao waliokataliwa kwa makosa. Utupe akili ya kupambanua, na upendo usiovunjika kwa mabishano. Amina.