Kuizunguka Tanzania kwa Pikipiki: Somo la Majira na Nchi

Tanzania huanzia karibu na latitudo 1 kusini ya Ikweta, ikashuka hadi kupita latitudo 11. Ndani ya masafa hayo mvua hainyeshi kwa kalenda moja. Mkulima wa Bukoba na mkulima wa Songea hulijua jambo hili kwa jembe. Mwanafunzi huchelewa kulitambua, kwa kuwa kitabuni majira hufundishwa katika sura moja, milima na maziwa katika sura nyingine, na sheria za gesi katika somo jingine kabisa. Makala haya yanaziunganisha sura hizo kwa swali moja la vitendo: mwalimu mwenye pikipiki ya kawaida, ya injini ya sentimita za ujazo 150, na likizo ya wiki nne, aizunguke Tanzania Bara mwezi gani, na aelekee upande gani?

Njia yenyewe na iwe hii: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Kigoma, Nyakanazi, Bukoba, Mwanza, Singida, Arusha, kisha Moshi, Korogwe na Chalinze hadi Dar es Salaam tena. Mzunguko huo una kilomita zipatazo 4,000. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa siku, safari itakula siku 20, na siku nane zitabaki kwa mapumziko na matengenezo. Abiria wa basi ataziona kilomita 200 kuwa chache. Mwendesha pikipiki hana kioo mbele yake wala paa juu yake, na kila badiliko la hewa humfikia mwilini.

Juni au Desemba?

Kwa desturi shule hufungwa mwezi Juni na tena Desemba. Ili kuchagua kati ya miezi hiyo, yafaa kwanza kuelewa mvua hutoka wapi. Pepo za kutoka kusini mashariki na zile za kutoka kaskazini mashariki hukutana katika ukanda mmoja unaoizunguka dunia katika nchi za joto. Hapo hewa hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Ukanda huo hulifuata jua, ingawa huchelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Jua la utosini hupita juu ya Dar es Salaam katika wiki ya pili ya Oktoba likielekea kusini, na tena mapema mwezi Machi likirudi kaskazini.

Kwa sababu hiyo sehemu za kaskazini hupitiwa na ukanda wa mvua mara mbili, na kati ya mapito hayo huwa na nafasi ya ukavu. Pito la kwanza ni vuli, Oktoba hadi Desemba. La pili ni masika, Machi hadi Mei. Ndivyo ilivyo katika pwani ya kaskazini, Tanga, Kilimanjaro, Arusha na kando ya Ziwa Viktoria. Kusini mambo ni tofauti. Huko kwenda na kurudi kwa ukanda hukaribiana mno, na mvua mbili huungana kuwa msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hadi Aprili. Ruvuma, Njombe, Mbeya, Rukwa, Katavi, Tabora, Singida na Dodoma zimo katika kundi hili, ijapokuwa kiasi cha mvua hakilingani hata kidogo: Dodoma hupata milimita 600 hivi au pungufu kwa mwaka, na Bukoba, iliyo katika kundi la kaskazini, hupata kama 2,000.

Basi mwalimu atakayeondoka Desemba atakutana na mwisho wa vuli kaskazini, kisha kusini na magharibi atazama katikati ya msimu wa mvua. Tena Desemba ni mwezi usiotabirika. Katika miaka ya El Niño, kama 1997 na 2023, mvua za vuli huzidi kiasi na kuendelea mbele. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufikia mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Katesh iko kwenye barabara hii hii, kati ya Singida na Babati. Juni, kwa upande wake, ni mwezi ambao ukanda wa mvua umekwenda mbali kaskazini ya Ikweta na kuiacha karibu nchi nzima katika ukavu.

Nchi hukauka kwa zamu

Kuchagua Juni hakumalizi swali, kwa kuwa ardhi haikauki siku ile ile mvua inapokatika. Barabara kuu nyingi siku hizi zina lami. Hata hivyo magharibi vipande vya udongo bado vyaweza kukutwa, na kila msafiri huacha lami anapotafuta malazi au anapokwepa daraja linalotengenezwa. Hapo aina ya udongo ndiyo huamua. Udongo mweusi wa mbuga una chembe ndogo sana za mfinyanzi ambazo hunyonya maji na kuvimba. Ukilowa huganda kwenye tairi hadi gurudumu likashindwa kuzunguka chini ya bamba la kukinga matope. Ukikauka hupasuka nyufa pana. Udongo mwekundu wa milimani haugandi namna hiyo, bali huteleza kama sabuni. Mchanga hupitika vizuri zaidi ukiwa na unyevu kidogo kuliko ukiwa mkavu kabisa, jambo ambalo waendesha pikipiki wengi hulijua pasipo kuulizwa.

Sasa ramani ya mvua iwekwe juu ya ramani ya njia. Kusini na magharibi mvua hukoma mwishoni mwa Aprili au mapema Mei. Ifikapo Juni mosi, mbuga za Rukwa na Katavi zimekwisha kupata takriban mwezi mzima wa jua. Pwani ya kaskazini, Kagera na miteremko ya Kilimanjaro zimetoka katika masika hivi karibuni, na Bukoba huendelea kupata manyunyu. Mwezi wake mkavu kuliko yote ni Julai. Kwa hiyo mwalimu aanze na sehemu iliyotangulia kukauka na kumalizia na iliyochelewa. Maana yake ni kutoka Dar es Salaam kuelekea Iringa na Mbeya, kukata kaskazini kwa upande wa magharibi, na kufika Bukoba Juni inapokaribia kwisha. Huo ni mzunguko unaofuata mwendo wa mishale ya saa.

Iko sehemu moja inayovunja kanuni hii. Kutoka Mbeya barabara huteremka kwenda Tukuyu na Kyela, na mandhari yake humvuta mgeni. Upepo wa kusi huvuka Ziwa Nyasa, huchukua unyevu, kisha hulazimika kuupanda ukuta wa milima ya Rungwe. Mvua huko huendelea Mei na hata Juni, wakati Mbeya, umbali wa saa mbili tu, vumbi linatimka.

Baridi, hewa nyepesi na tairi

Juni ina gharama yake, nayo ni baridi. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Dar es Salaam mwezi huo huwa na wastani wa nyuzi 24 hivi. Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, itegemewe kuwa na 13 au 14, na alfajiri hushuka hadi 7 au chini yake. Kwenye uwanda wa Kitulo hudondoka jalidi. Juu ya hayo, mwendo huongeza ubaridi, kwa kuwa hewa inayopita huondoa upesi tabaka jembamba la joto linaloizunguka ngozi. Katika nyuzi 10, mtu anayekwenda kilomita 80 kwa saa huhisi kama yuko katika nyuzi 4 au pungufu. Vidole vikifa ganzi haviwezi kukaza breki upesi. Glavu nene ni kifaa cha usalama sawa na kofia ngumu.

Injini nayo hupungukiwa. Kwenye mita 1,700 kanieneo ya hewa ni kilopaskali 82 hivi, ilhali pwani ni 101. Hata baada ya kuhesabu kwamba hewa baridi ni nzito zaidi, kila mvuto wa injini huingiza oksijeni pungufu kwa kama asilimia 16. Pikipiki yenye kabureta itaendelea kumwaga petroli karibu ile ile ya pwani. Plagi itashika masizi meusi na nguvu zitapungua. Fundi aweza kuishusha sindano ya kabureta hatua moja, mradi airudishe msafiri anaposhuka pwani, la sivyo injini itachoma petroli haba na kupata joto kupita kiasi.

Tairi hutoa hesabu nzuri ya darasani. Mwalimu amejaza upepo Dar es Salaam adhuhuri, nyuzi 30, hadi kipimo kikasoma kilopaskali 225. Alfajiri moja, Mbeya, nyuzi ni 7. Je, tairi litakuwa laini? Wanafunzi wengi hujibu ndiyo, wakikumbuka kwamba gesi ikipoa kanieneo yake hushuka. Lakini kipimo husoma tofauti tu kati ya hewa ya ndani na ya nje. Kanieneo halisi ya ndani ilikuwa 225 + 101 = 326. Joto limeshuka kutoka Kelvini 303 hadi 280, na ujazo wa tairi ukichukuliwa kuwa haukubadilika:

326 × 280 ÷ 303 = 301

Kipimo kitasoma 301 − 82 = 219. Baridi imeipunguza kanieneo ya ndani, na mwinuko umeipunguza ile ya nje. Tairi limebaki karibu vile vile. Hatari iko safarini kurudi: aliyejaza upepo Arusha kwenye baridi ya asubuhi, akafika Korogwe adhuhuri, atakuta tairi gumu kuliko alivyokusudia.

Upepo wa kusi na petroli

Toka Mei hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini mashariki, na nguvu zake hufika mbali bara. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wa hewa inayomkabili msafiri. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa dhidi ya upepo wa 20 hukabili hewa ya 80. Akisukumwa na upepo huo huo hukabili ya 40. Ukinzani wa hali ya kwanza ni mara nne ya ule wa pili. Petroli haitaongezeka mara nne, kwa kuwa msuguano wa cheni na tairi haubadiliki, lakini tofauti itaonekana kwenye tangi.

Kutoka Tunduma hadi Kigoma njia huelekea kaskazini magharibi, na vituo vya mafuta ni vichache kuliko mashariki. Msafiri wa mzunguko huu hupata kusi mgongoni mahali hasa anapoihitaji. Atalipa deni hilo kati ya Moshi na Chalinze, upepo ukimkabili, lakini huko vituo ni vingi. Katika Hifadhi ya Katavi, ambayo barabara ya Sumbawanga hadi Mpanda huikata, asivae nguo za buluu iliyoiva wala nyeusi: mbung'o huvutwa na rangi hizo pamoja na kitu kinachotembea, na pikipiki ni vyote viwili.

Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 9.7 za longitudo, nayo hutumia saa ile ile. Jua huchelewa dakika 4 kwa kila longitudo, yaani dakika 39. Asubuhi ya Juni, saa 12:35, Dar es Salaam kumekwisha kucha na Kigoma taa bado yahitajika.

Zoezi

1. Rudia hesabu ya tairi kwa safari ya Arusha (mita 1,400, kilopaskali 86, nyuzi 12) hadi Korogwe (mita 300, kilopaskali 98, nyuzi 31), ukianzia na kipimo cha 225.

2. Chora mzunguko wa makala haya, uweke mishale ya kusi juu yake, na uonyeshe sehemu ambazo upepo humpiga msafiri ubavuni.

3. Mwalimu wa Mtwara ana likizo ya Desemba peke yake. Kwa kutumia takwimu za mvua za kituo kilicho karibu na shule, pamoja na atlasi, eleza ni sehemu ipi ya njia hii angeweza kuipita na ni ipi angelazimika kuiacha.