Jino Likinyamaza

Mwaka jana hapa Migori kaka yangu aliumwa na jino wiki nzima, kisha likanyamaza. Tukashangilia. Kumbe kiini chake kilikuwa kimekufa! Bakteria walioingia kupitia tundu walishuka hadi ncha ya mzizi, usaha ukajikusanya ndani ya taya. Shavu likafura kama andazi. Hata kutafuna ugali, anaruka. Tembe za dukani zilituliza tu, kwani dawa hupita kwenye damu, na jino lililokufa halina damu ndani. Mjomba akampeleka Homa Bay. Daktari akasema njia ni mbili: kusafisha mzizi na kuuziba, au kung'oa. Ukisafishwa vizuri, mfupa hujijenga tena kwa miezi mingi. Kaka aling'olewa, pesa za kusafisha hazikuwako.