SOMO LETU: KUCHAGUA CHOMBO CHA KUBEBEA MIZIGO YA NYUMBANI



Wengi wetu wa Rubona tuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya mshahara: katika kiwanda cha bia, katika mashamba ya chai ya Pfunda, au katika kupakia na kupakua mizigo ya ziwani. Ya pili inatungoja nyumbani baada ya zamu: majani ya ng'ombe, maji, samadi, viazi, kuni. Kazi hiyo ya pili haina msimamizi wala siku ya malipo, lakini inafanywa na mgongo uleule. Ndiyo maana tunaileta katika somo.

Kila akiba ya kikundi inapoongezeka, husikika neno hili: "Tununue chombo." Ni neno jema. Lakini akiba ya miaka mitatu inaweza kumezwa kwa siku moja na chombo kisichotufaa. Basi tujifunze kuchagua kwa kupima, si kwa kutamani.

1. TUUANZE MZIGO KABLA YA CHOMBO

Tangu mpango wa Girinka ulipoanza mwaka 2006, familia nyingi zisizo na uwezo zimepata ng'ombe. Ng'ombe huyu hufugwa zizini, kwa hiyo chakula ndicho kinachomfuata yeye. Ng'ombe mzima hula majani mabichi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku. Akiwa na kilo 400, anahitaji kilo 40 za majani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jerikani mbili za lita 20 ni kilo 40 nyingine. Hizo ni kilo 80 kwa siku, hata kabla hatujagusa samadi.

Kila mwenzetu aandike kwa juma moja: nimebeba nini, kizito kiasi gani, kutoka wapi hadi wapi, mara ngapi. Wengi wataona kwamba mzigo mkubwa huja mara chache, na mzigo wa wastani huja kila siku. Jambo hili ndilo ufunguo wa somo zima.

2. TUITAZAME NJIA

Milima yetu inateremkia ziwani. Njia nyingine ni za mawe ya volkano, nyingine ni vijia vya kupita mtu mmoja. Tuulize: je, chombo kitafika mlangoni pa zizi? Kama mzigo utaachwa barabarani kisha upandishwe kwa kichwa, chombo kitakuwa kimefanya sehemu nyepesi na sisi tumebaki na ile ngumu. Tukumbuke pia kwamba kwenye mteremko breki ni bora kuliko nguvu.

3. TUVIJUE VYOMBO VYENYEWE

Toroli ya gurudumu moja. Hupita kwenye kijia chembamba na kugeuka ndani ya ua. Bei yake ni ndogo. Lakini sehemu ya uzito inabaki mikononi, kwa hiyo haifai safari ndefu.

Chukudu. Jirani zetu wa Goma na Kivu ya Kaskazini wanaijua vizuri, nasi huku tunaiita igicugutu. Ni mti mtupu, pamoja na beringi na mpira wa tairi kuukuu uliozungushiwa magurudumu. Fundi wa kijijini huitengeneza na kuikarabati kwa vyuma vichache. Kwenye mteremko hubeba magunia kadhaa, na breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu. Watu wa Goma waliiheshimu hata wakaijengea sanamu katikati ya mji. Ubaya wake ni mlima: kupanda ukiwa na mzigo kwahitaji watu wawili au watatu wa kusukuma. Na breki ikikatika, hakuna kitakachoizuia.

Baiskeli ya mizigo. Mwaka 2005 Tom Ritchey, mbunifu wa baiskeli kutoka Marekani, alifika Rwanda. Baadaye ilitengenezwa baiskeli ndefu yenye nafasi ya magunia nyuma, kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Sababu ni kwamba kahawa iliyochumwa huharibika ikichelewa kufika kwenye kituo cha kuoshea. Tujifunze hapa: baiskeli hiyo ilibuniwa kwa kuutazama mzigo na haraka yake.

Pikipiki ya magurudumu matatu na gari dogo. Hizi zina nguvu, lakini kila siku zinadai mafuta, na kila mwaka bima. Zinahitaji dereva mwenye leseni na vipuri vinavyopatikana karibu. Pikipiki ya magurudumu matatu ikipakiwa juu sana hupinduka kwenye kona ya mteremko. Chombo cha injini kikilala bila kazi, gharama zake nyingi hazilali.

4. TUFANYE HESABU

Tuseme tuna tani moja ya samadi. Kwa kichwa, kilo 25 kila mara, ni safari 40. Kwa toroli ya kilo 50 ni safari 20. Kwa baiskeli ya kilo 100 ni safari 10. Kwa chukudu ya kilo 200 ni safari 5. Kwa pikipiki ya kilo 500 ni safari 2.

Mtu atasema: basi tununue pikipiki! Ngoja kwanza. Samadi tunaisomba hasa wakati wa kupanda, majani tunayabeba kila siku. Kwa hiyo shauri letu ni hili: tununue chombo cha kazi ya kila siku, na cha kazi kubwa ya msimu tukikodi pamoja. Kikundi kinunue injini pale tu daftari likionyesha kwamba ina kazi siku nyingi za juma.

5. TUSIUSAHAU MGONGO

Mkataba Na. 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, unasema mfanyakazi asilazimishwe wala kuruhusiwa kubeba mzigo ambao uzito wake unaweza kudhuru afya yake. Pendekezo Na. 128 la mwaka huohuo linataja kilo 55 kwa mwanamume mzima, na kwa mwanamke pungufu zaidi ya hapo. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili. Tukilidai jambo hili kazini, tusilivunje nyumbani kwa kuwatwika wake zetu na watoto. Anayebeba zaidi ndiye aulizwe kwanza kabla ya kununua, naye akijaribu chombo kwa mikono yake kikiwa na mzigo.

6. MALI YA KIKUNDI

Kabla ya kutoa fedha tuandike: nani anakitunza, nani anakitumia siku gani, nani analipa kikivunjika, na kiasi gani kinawekwa kila mwezi kwa matengenezo. Chombo kisicho na daftari huleta ugomvi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mzigo gani tunaoubeba kila siku, na ni nani anayeubeba?
2. Ni wapi njia yetu inakatika kwa chombo chenye magurudumu?
3. Ni kazi ipi tunayoweza kukodishia chombo badala ya kununua?
4. Chombo kikiharibika leo, nani katika kijiji chetu anaweza kukitengeneza?