Ruzuku ndogo, nianze na nini?

SWALI: Nasomea shahada ya uzamili kuhusu nyanda za malisho hapa Kenya. Nimepata ruzuku ndogo ya utafiti. Ninunue droni?

JIBU: Droni iache kwanza. Nunua nguzo na waya, uzungushie vipande vichache ng'ombe wasiingie. Bila nyasi zisizoliwa huna cha kulinganisha. Mlipe pia mchungaji wa hapo hapo, maana atajua uzio umekatwa siku nyingi kabla yako.

Fedha zinazobaki zitunze kwa msimu wa pili. Wengi hukwama hapo. Kule Mpala, Laikipia, ambako tangu 1995 vipande vya hekta 4 vimewekewa uzio wa aina mbalimbali, ilibainika kwamba wakati wa kiangazi wanyamapori huwapunguzia ng'ombe ongezeko la uzito. Mvua ikinyesha, mambo hugeuka: ng'ombe wanaolisha pamoja na pundamilia hunenepa zaidi, kwa kuwa pundamilia huondoa mabua makavu na kuacha majani laini. Aliyepima kiangazi tu angerudi na nusu ya jibu, tena kifua mbele.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI omba mapema, na uonane na wazee kabla ya kuchimba shimo la kwanza.