Bibi niliyemsifu, mama akatoka nje

Shangazi, bibi aliyenilea Ukerewe alifariki mwaka jana. Siku ya arobaini nilisimama nikaeleza upole wake: alivyonifichia michembe, alivyoniita mke mwenza. Mama akainuka, akatoka. Baadaye akaniambia, "Huyo unayemsema simjui. Mimi alinichapa nikianua dagaa." Tangu hapo hatuongei vizuri, na kila nikimkumbuka bibi naona namsaliti mama. Nifanyeje?
Mjukuu, Nyegezi

Mwanangu, pole kwa msiba. Hukumsaliti mtu. Ila aliyefiwa na mama mzazi ni mama yako, nawe ulisema ya kwako mbele ya watu kabla hujamsikiliza.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Wewe ulikuwa mke mwenza wake, mkicheka na kuibiana michembe. Binti wa kumzaa hana utani huo. Yeye ni wa kufundishwa kazi, na asipoijua, anayesemwa kijijini ni mama yake.

Na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya dagaa. Wavuvi wanaingia ziwani usiku wa giza na taa zao. Alfajiri mitumbwi inafika, mwanamke ananunua kwa ndoo, mara nyingi kwa mkopo, anamwaga mchangani, anageuza kadiri jua linavyopanda. Wingu likitanda ni mbio, mkubwa kwa mdogo. Dagaa wakinyeshewa wanaharibika, wanaishia kuwa chakula cha kuku, na deni liko palepale. Mtoto aliyekwenda kucheza rede saa hiyo alikiona cha moto. Simtetei bibi; fimbo ni fimbo, na mama yako ana haki ya kuikumbuka. Wewe ulimkuta bibi ameshaachana na dagaa, hadaiwi, na mkono umechoka.

Mzee Aniceti Kitereza, wa hukohuko Ukerewe, aliandika kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Cha Kiswahili kikatoka 1980. Hakuficha ugomvi wa wakwe ili wazee wake waonekane malaika. Ndiyo maana watu wake tunawaamini. Bibi yako naye anaweza kubeba upole na ukali bila kupungukiwa.

Sasa nenda kwa mama. Usimalize jambo hili kwa simu. Beba sato wawili, na mkiwa mnapara magamba mwambie, "Mama, siku ile nilisema ya kwangu. Nataka kusikia ya kwako." Kisha nyamaza. Akisema la kuudhi, usimkatize kumtetea bibi. Michembe yako hakuna atakayekunyang'anya. Akikwama, muulize kuhusu siku za mbalamwezi, wavuvi wakipumzika na hakuna dagaa wa kuanika: bibi alikuwaje nyumbani siku hizo? Anzia hapo, halafu niandikie.